Swali la Nne kwenye Fomu ya Mto

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na sikio lako la kulia bado linafanya kazi ya mawili. Sisi huku hatujambo. Mkweo anasahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka anaota kwa wino mwekundu. Mimi kidole gumba kilibanwa kwenye mashine ya kukandamizia vitabu wiki mbili zilizopita, kucha imekuwa nyeusi, lakini tuna oda ya kujalidi rejista mia nne, na pale kiwandani mwenye kidole kimoja kibovu anahesabiwa kuwa bado ana tisa. Mama hajambo. Bado anakaa nasi, na kila asubuhi anatuamsha kwa kuburuta kiti anachoshikilia akifanya mazoezi.

Sasa keti, kama hujaketi. Tumepata kibali cha mto.

Mto wako, Mjomba. Tangu hifadhi ianze kupokea watu kwa kura, kila mwaka nimekuwa nikipeleka jina langu bila kukwambia. Mwaka huu wa nne limetoka. Wanaruhusu mashua tano tu kwa wiki. Hakuna injini, hakuna kukata kuni, na takataka uliyoingia nayo unatoka nayo. Ni siku nne, kutoka daraja la juu mpaka gati ya chini. Yetu ni tarehe 21 hadi 24 Septemba, viti sita. Nimeshapata mimi, mkweo, mwenzangu wa mashine ya kukata karatasi na mkewe, na wewe. Wa sita nitakwambia.

Kuna sharti moja tu. Kiongozi wa msafara lazima awe mtu aliyewahi kuushuka mto mzima. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana wewe umeushuka miaka ishirini na sita, na mimi hapa ni ushahidi unaotembea. Nilikuwa na miaka saba uliporuka ndani ya mto huo kunitoa. Sasa nina thelathini na minane na sijarudi hata mara moja. Nataka kupaona tena, na wewe ukiwa ndiye umeshika kasia.

Fomu ya kiongozi nimeiweka humu. Ina maswali saba. Jaza, tia saini, rudisha. Mwisho wa kupeleka majina ni 31 Julai, na baada ya hapo hawabadilishi hata herufi. Bila kiongozi kibali kinafutwa na kupewa walio nyuma yetu kwenye foleni.

Mpwa wako,
Kambare


2 Aprili

Mpwa wangu Kambare,

Marahaba, marahaba mara mbili, moja ya sikio bovu. Mimi ni mzima. Chumba changu nyuma ya karakana ya baiskeli ni kilekile, ila mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani na sasa nikiamka nadhani nimelazwa hospitali. Kazi ya maturubai inaendelea. Juzi nimeshona moja la lori, mita kumi na mbili, mashine ikavunja sindano tatu. Ukishona turubai refu namna ile unalilalia, unalipigia magoti, mwisho hujui nani anamshona mwenzake. Pole kwa kidole. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi na usimwonyeshe mtu, maana kila mtu ana dawa yake.

Habari ya mto nimeisoma mara nne. Nimefurahi. Na kama mnakwenda, mwende kama watu, si kama wale waliokuwa wanakuja na viatu vya harusi. Sikiliza vizuri. Kamba mbili za mita ishirini, si moja. Viberiti ndani ya chupa yenye kifuniko, na chupa ndani ya kiatu. Mifuko isiyopitisha maji msinunue, nitawashonea. Kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kamba, maana kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuondoka. Kila mtu soksi jozi moja ambayo haiguswi mpaka saa ya kulala. Mzigo mzito ukae katikati na chini, na mkweo vilevile.

Siku ya kwanza mto unawadekeza. Maji mapana, ndege kila upande, kila mtu anajiona nahodha. Siku ya pili, baada ya ukuta wa miamba mieupe, mkae upande wa kushoto hata kama kulia kunaonekana laini. Ulaini ule ni jiwe lililofunikwa. Siku ya tatu kuna mikondo saba, nayo nitakuchorea kwenye karatasi kubwa.

Umenificha wa sita ni nani. Umeanza lini kunificha mambo?

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kucha imedondoka na mpya inachungulia. Rejista zimebaki mia moja na sitini. Mkweo amesoma barua yako akauliza kama "katikati na chini" ni tusi. Nimemwambia ni ubaharia. Yeye hajui kuogelea na hamfichi mtu, anamwambia hata muuza magazeti.

Ramani yako ya mikondo tunaisubiri kwa hamu. Nimeshanunua kamba mbili. Viberiti vimo ndani ya chupa na chupa imo ndani ya kiatu, na mkweo amekitafuta kiatu hicho siku mbili.

Lakini Mjomba, ndani ya bahasha yako mlikuwa na karatasi tatu za maelekezo na hamkuwa na fomu. Nimeitikisa bahasha, nimeipasua, nimeichungulia kama daktari wa meno. Huenda uliisahau mezani. Maji umeshayavulia nguo, sasa yaoge. Itume.

Na tarehe 14 Agosti, siku uliyonitoa mtoni, inakuja. Mwaka huu, badala ya kukutumia zawadi ya siku ile kwa posta kama miaka yote, nitakupa mkononi, tukiwa mtoni, hata kama tutakuwa tumechelewa mwezi mzima.

Wa sita bado tunajadiliana naye. Usinisukume.

Kambare


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi ya mahema ya kanisa, halafu goti. Goti la kushoto limeanza kunidai. Nikikaa chini linataka nisimame, nikisimama linataka nikae.

Ramani ya mikondo hiyo hapo. Nimeichora upande wa nyuma wa kalenda ili uone ukubwa. Mistari minene ni maji ya kupita, mistari iliyokatika ni maji ya kukimbia. Mifuko sita nimeshaishona, mishono miwili miwili, nimeijaza maji na kuitundika usiku kucha na haikudondosha hata tone.

Kuhusu fomu. Nimefikiri sana, nimeona nisiwe kiongozi. Goti hili si la kuaminika. Mtafute mmoja wa mabaharia wetu wa zamani. Yule Mrefu alikuwa anajua kila jiwe, ingawa nasikia alifariki. Chongo yupo hai lakini alihama na hakuna ajuaye alikohamia. Basi waulizeni hifadhi, huenda wanaye mtu wa kuwaazima. Nimeirudisha fomu tupu. Doa hilo la chai ni langu, samahani.

Msipoteze kibali kwa ajili yangu. Mwende, mpige picha, mniletee.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, na usinikasirikie, maana mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu sote.

Hifadhi hawaazimi watu. Nilikwenda ofisini kwao, nikakaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa mbili mpaka saa tano, na yule karani akaniambia kiongozi ni wa kwenu au kibali hakuna. Na goti lako, Mjomba, mwenye nyumba wako ambaye tunapigiana simu kila mwezi ameniambia kwamba wiki iliyopita ulipanda juu ya paa la karakana kuziba linapovuja, ukateremka na ndoo. Goti la aina hiyo nalitaka mimi pia.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Wa sita ni Mama.

Ndiyo. Nilijua nikikwambia mapema utatafuta sababu, na yeye nilijua nikimwambia mapema atatafuta sababu, kwa hiyo niliwadanganya wote wawili kwa haki. Mmekaa miaka sita hamsemezani. Tangu usiku wa harusi yangu. Mlikuja mmekaa meza moja mnacheka, mshereheshaji akaomba uwasimulie wageni ulivyoniokoa, ukasimama ukasimulia, watu wakapiga makofi, na niliporudi mezani Mama alikuwa ameshaondoka. Kila nikimuuliza ananijibu, "Muulize mjomba wako." Kila nikikuuliza unaniambia habari za maturubai. Mama ana miaka sitini na saba, wewe sitini na minne. Sina kaka, sina dada, baba alishatangulia. Nina nyinyi wawili, na siwezi kuwaweka kwenye chumba kimoja. Nikafikiri mashua haina mlango wa kutokea.

Wiki iliyopita nilimwonyesha Mama fomu uliyoirudisha. Akavaa miwani, akaisoma taratibu swali moja moja. Alipofika la nne akacheka, Mjomba. Sijamsikia akicheka hivyo tangu harusi. Akanirudishia fomu na kusema, "Nitakwenda siku mjomba wako atakapojibu namba nne. Mimi simo, asiniulize, ajibu mwenyewe."

Nimelitazama hilo swali mpaka macho yameuma. Linasema: "Je, unaweza kuogelea mita hamsini bila msaada? (Utaonyesha mbele ya askari wa hifadhi.)" Basi. Jambo ambalo kwako ni kama kunywa maji. Nimekosa nini hapo? Niambieni, maana nimechoka kuwa posta kati yenu.

Zimebaki wiki saba.

Mpwa wako


5 Julai

Mpwa wangu,

Salamu zitangulie, ingawa leo ningependa zipite haraka. Mimi sijambo. Mashine haijambo. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu, nikiiweka chini ya sahani nile, nikiitoa, nikiirudisha.

Jibu la swali la nne ni hapana.

Sijui kuogelea. Sikuwahi kujua, si zamani si sasa. Baba yetu alikuwa mvuta kamba wa kivuko, na mama yako na mimi tulikua pale ukingoni. Yeye alikuwa anaruka majini kama chura. Mimi nilikuwa mshika nguo zake. Alipojaribu kunifundisha nilimng'ata mkono, na alama anayo. Baadaye kila mwaka nilijiambia umri wa kujifunza bila kuchekwa umeshapita, na kila mwaka ulikuwa umepita kweli. Nilipokwenda kuomba kazi ya mashua, tajiri aliniuliza kama naujua mto. Nikasema nimekulia mtoni. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Ilikuwa inajulikana kwamba baharia asiyeweza kuogelea anafungishwa virago siku hiyohiyo.

Na usidhani nilikuwa baharia mbaya. Nilikuwa hodari kwa sababu ya hofu. Wenzangu walikuwa wanacheka na abiria, mimi nilikuwa nautazama mto kila hatua, maana nilijua nikitumbukia sitoki. Miaka ishirini na sita sikumtumbukiza mtu. Ila wewe.

Ulisimama kumwonyesha mama yako mamba. Halikuwa mamba, lilikuwa gogo. Tukagusa jiwe, ukaenda. Mimi nilikuwa karibu nawe kuliko yeye. Nilikuona usoni, mpwa wangu. Nilijiambia ruka, na miguu ikakataa. Sikunyoosha hata kasia. Nilisimama tu, nimelikumbatia. Mama yako alinipita, akanipiga bega, akaruka na nguo zake zote na viatu. Alikutoa chini kule kwenye matope, umezibwa macho na pua kwa tope, ndipo tukakuita Kambare. Ulikuwa hai. Ulikuwa unakohoa. Huo ndio wakati mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na mimi sikuwa na mchango wowote ndani yake.

Kwenye mashua yetu tulikuwa sisi watatu tu. Mashua ya pili ilikuwa nyuma ya kona, na tajiri alikuwa ndani yake. Mama yako alinitazama. Hakunisuta. Akasema, "Jimwagie maji." Sikuelewa. Akasema tena, "Jimwagie maji haraka, wewe ndiye uliyeruka. Ukifukuzwa hapa utakula nini?" Nikachukua kopo la kukumbia maji, nikajimwagia kichwani, makopo saba au manane. Yeye akajifunika turubai, akawaambia amelowa kwa kukukumbatia. Hivyo ndivyo nilivyolowa siku ile. Kwa kopo.

Tajiri akanipandisha daraja. Wewe ukaanza kuandika barua na kutuma zawadi kila tarehe 14 Agosti. Kwanza michoro ya penseli, halafu leso, halafu ulipoanza kazi, mashati, saa, ile redio. Vyote ninavyo kwenye sanduku chini ya kitanda. Sijavaa hata kimoja, wala redio sijaiwasha. Havikuwa vyangu.

Na harusini. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama yako alikuwa ameniazima uongo wa kuniokoa kazini, na mimi kazi nilikuwa nimeshastaafu, nilikuwa sidaiwi kitu na mtu. Ningeweza kusimama nikasema ukweli mbele ya wote. Badala yake nilipewa kipaza sauti nikanogesha. Nilisema nilipiga mbizi chini ya mashua mara tatu. Nilisema mama yako alikuwa amezimia kwa hofu. Nilisema hivyo ili watu wacheke, na walicheka. Nilimtazama na nikaona nimefanya nini, na tangu hapo sijapata mdomo wa kumwita dada.

Sasa unajua. Sikuogopa kupoteza kibali. Nilikuwa naogopa kukupoteza wewe, maana nilidhani ulinipenda kwa ajili ya siku ile, na ukiitoa siku ile hakibaki kitu. Mifuko sita nimeituma leo kwa mzigo wa basi. Hiyo angalau nimeishona mwenyewe.

Mjomba wako


15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mifuko imefika. Barua ilifika kabla yake.

Nikwambie ukweli kwa kuwa tumeanza kuambiana ukweli. Siku mbili za kwanza nilikuchukia. Kiwandani nilikunja karatasi za kitabu kizima kichwa chini, kurasa mia mbili, msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema karibu. Nilikuwa nafikiria yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa anachora mtu anaruka kutoka kwenye mashua, akilamba bahasha na kuifunga, na Mama amekaa pembeni anamtafutia stempu. Miaka yote hiyo Mama alinitafutia stempu mwenyewe, na hakusema neno.

Siku ya tatu nilimpelekea barua yako. Aliisoma jikoni, amesimama. Akaisoma tena amekaa. Halafu akasema, "Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu alipita zamani, mjomba wako akabaki amekalia kombe." Nilimuuliza kama alikuwa anataka nijue. Akasema hapana, hakuhitaji shukrani ya mtu, mtoto alikuwa wake. Kilichomuuma ni harusi. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: "Mara ya kwanza nilimrusha mimi. Mara ya pili aliruka mwenyewe, tena akanikanyaga." Kisha akakunja mkono wa gauni akanionyesha alama ya meno. Alikuwa ananiambia siku zote kwamba ni ya mbwa.

Sasa na mimi nina neno langu. Ninachokumbuka cha siku ile ni kidogo. Giza, baridi, na kitu kigumu cha duara kikinigonga kidevuni, kinagonga, kinagonga, huku navutwa. Ilikuwa bangili, Mjomba. Wewe hujawahi kuvaa bangili. Nimelijua jambo hilo tangu nikiwa na miaka saba, na kwa kuwa wote mlisema ni wewe, niliamua kwamba bangili nimeiota. Kwa hiyo hukunidanganya peke yako. Nilikusaidia.

Na kuhusu kunipoteza. Nani alinifundisha kufunga fundo? Nani alisafiri kwa basi siku mbili nilipofeli mtihani, akakaa nami barazani bila kuniuliza hata maksi, akaondoka kesho yake? Nani anaandika kurasa tatu za soksi? Siku ile ya mto ni siku moja. Ukiitoa, zimebaki nyingi sana, na mimi ndiye ninayezihesabu.

Basi sikiliza. Fomu mpya nimeichukua. Kiongozi wa msafara ni Mama. Ameushuka mto mzima mara nne ndani ya mashua yako mwenyewe, na kuhusu kuogelea, karani alimtazama mvi zake akauliza kama ana uhakika, Mama akamwambia alete hizo mita hamsini hapo ofisini. Ameshatia saini. Wewe umebaki na fomu ya abiria, ukurasa mmoja, hiyo hapa. Asiyejua kuogelea anaruhusiwa, ila aseme hivyo kwa maandishi, na mbele ya askari pale darajani aingie majini na jaketi la kuokolea, aachie kila kitu, aelee hesabu ya thelathini. Mkweo amefanya mazoezi, amefika kumi na moja halafu akamkamata mwalimu shingoni.

Mama anasema atakaa mbele na kasia, wewe utakaa katikati na utamwambia kushoto au kulia. Nilimuuliza kama hiyo ni salamu. Akasema niandike kama ilivyo.

Kambare wako


27 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na mwambie dada yangu shikamoo. Ndiyo, nimeandika dada. Mwambie kwa sauti na umtazame usoni anapoipokea, kisha uniandikie sura yake ilikuwaje.

Fomu hiyo hapo ndani, haina doa, na naituma kwa basi la leo iwahi tarehe 31. Kwenye mstari wa kuogelea nimeandika "Sijui" kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi kidogo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika neno hilo, na nikaipeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba aishuhudie kwa saini yake. Alisoma, akanitazama, akasema, "Si ulikuwa baharia wewe?" Nikamwambia nilikuwa. Akatia saini, na kufikia jioni karakana nzima ilikuwa inajua. Fundi mmoja ananiita Admeri, mkuu wa meli za vita. Nimeizoea.

Jumanne nilikwenda kwenye bwawa la manispaa. Nimeshona bukta yangu mwenyewe kwa kitambaa cha turubai, kosa ambalo mtu halifanyi mara mbili, maana inasimama hata nikiivua. Mwalimu ni binti mdogo kuliko wewe, ana filimbi. Akaniweka upande wa kina kifupi pamoja na akina mama watatu wanaojifunza baada ya kazi. Mmoja akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Ningeweza kusema fundi turubai, na ingekuwa kweli. Nikasema nimeendesha mashua mtoni miaka ishirini na sita na ninaogopa maji. Hawakucheka. Yule mama akasema yeye ni mpishi na hali nyama. Tukashikilia ukingo pamoja.

Siku ya kwanza sikuachia. Siku ya pili mwalimu alinishika kisogo, nikaachia mkono mmoja. Jana niliachia yote miwili. Masikio yalizama, hata lile zima, na sikusikia kitu chochote, nikawa naona dari tu, na taa moja imeungua. Nilihesabu moyoni. Nilifika ishirini na mbili kabla sijagundua kwamba mwalimu alikuwa ameshaniacha tangu nilipohesabu nane.

Kambare, kila msafara, siku ya kwanza, abiria walipokuwa wanatetemeka wakipanda, nilikuwa nawaambia neno lilelile. Nilikuwa nawaambia wasiogope, maji hayana ubaya na mtu, ukitulia yanakubeba. Niliwaambia maelfu ya watu, nimeshika kasia kwa mikono miwili, moyoni nikijua mimi mwenyewe siamini. Jana, nimelala chali kwenye bwawa la manispaa na bukta ya turubai, ndipo nilipojua kuwa sikuwa nawadanganya.

Mjomba wako,
abiria wa katikati na chini